Upepo wa Trekta: Shajara ya Mwendakulima

9 Oktoba 2024

Matrekta yameanza kurudi kutoka kazi za kiangazi. Tangu mwezi wa sita yalikuwa yanavuta tela: pamba, matofali, maji, na marudio (mchanga wenye masalia ya dhahabu) ya wachimbaji wadogo yanayohamishwa kutoka mialoni kwenda kwenye mitambo ya kuchenjulia. Sasa yanafungwa diski za kulimia. Mawingu bado, lakini mwenye trekta hangoji mawingu.

Ombi la wote ni moja: "Fundi, jaza upepo, tunaingia shamba." Nikiuliza humo ndani kuna kiasi gani, dereva anachukua wilo spana, anagonga tairi, anasikiliza. Likilia kavu, basi limejaa. Leo tairi la nyuma la kulia la Massey Ferguson 375 limesoma psi 34. La kushoto limesoma 27. Trekta moja, ekseli moja! Dereva anasema msimu wote uliopita lilikuwa likivutia upande mmoja, akadhani ni usukani.

Sikujaza, nimetoa. Mwenye trekta alisimama pale akisikiliza upepo unavyotoka na uso wake haukufurahi hata kidogo.

10 Oktoba

Hiyo 34 haikuzuka hivihivi. Ubavuni mwa matairi mengi ya trekta kuna onyo lililochapwa kwa Kiingereza, lenye namba 35. Onyo hilo linamhusu fundi anayefunga tairi jipya: anapolijaza ili kingo zake zikae kwenye rimu, asipite psi 35, maana kingo zikigoma na yeye akaendelea kusukuma upepo, tairi linaweza kupasuka na kumuua. Kingo zikishakaa, upepo unashushwa hadi kiwango cha kazi. Lakini dereva anayetafuta namba ubavuni anaiona hiyo kwanza kwa sababu imeandikwa wazi, anaichukua kuwa ndiyo ya kutembelea. Na kwa kuwa inafanana na namba alizozizoea kwenye gari dogo, haimshtui.

Kiwango chenyewe kinategemea tairi na mzigo. Matairi ya nyuma ya kawaida hapa kwetu, 18.4-30 yenye tyubu, yakiwa kwenye diski bila mzigo mwingine yanafanya kazi vizuri kati ya 12 na 16. Kwa 34 trekta linatembea juu ya ngoma ngumu, linaligusa shamba kwa meno ya katikati tu. Nimewaonyesha kwa chaki: tumepaka meno yote upana mzima, tukalisogeza trekta kwenye udongo, chaki imefutika katikati, pembeni imebaki nyeupe.

17 Oktoba

Geji. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, maana ni dogo na linatatulika.

Geji tulizonazo mjini Kahama ni za malori. Zinasoma hadi 150 au zaidi, na alama zake zinaruka kumi kumi. Kwenye lori hilo halina neno. Kule mgodini nilikojifunzia kazi hii, tairi la lori la shimoni lilikuwa linakaa kwenye psi 100 hivi. Ukikosea 4 umekosea asilimia 4. Kwenye trekta lenye 14, ukikosea 4 umekosea karibu theluthi nzima. Upepo unavyokuwa mdogo ndivyo kipimo kinavyotakiwa kuwa makini zaidi, na sisi tunafanya kinyume: makini yote tunapeleka kwenye lori, trekta tunaligonga spana.

Mgodini hakuna aliyeruhusiwa kukisia. Tairi lilipimwa likiwa baridi, likaandikwa, na mengi yalijazwa naitrojeni kwa sababu ya joto na hatari ya moto. Mgodi huo, Buzwagi, ulianza kutoa dhahabu 2009, ukafungwa 2021, na nidhamu ile ya matairi imebaki vichwani mwa vijana wengi wa Mwendakulima na Mwime ambao leo wanaziba pancha za bodaboda. Natamani sana wahamie kwenye mashamba na nidhamu hiyo. Wanajua kazi.

Nimeagiza geji ya kusoma 0 hadi 30, yenye alama za psi moja moja, kupitia Mwanza.

18 Oktoba

Joto la leo: pale kivulini saa moja asubuhi tairi limesoma 14, saa nane, baada ya kukaa juani, karibu 16. Hakuna aliyeligusa. Kwa kiwango hiki cha upepo, kila nyuzi 10 za joto zinaongeza takriban psi moja. Basi tunapima asubuhi, kivulini, kabla trekta halijatembea, na asije mtu saa nane akasema "umezidisha, toa".

3 Novemba

Mama mmoja mwenye trekta lake (mumewe alilinunua, yeye ndiye analiendesha kibiashara) alikuja na swali ambalo hakuna dereva amewahi kuniuliza: "Bhabha, nikipunguza, trekta haliwi zito zaidi kwa shamba?" Nimemwandikia kwenye karatasi la boksi, na nanakili hapa kwa kuwa nitaulizwa tena.

Uzito haubadiliki. Tuseme gurudumu moja la nyuma limebeba kilo 1,000. Psi 14 ni karibu sawa na kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwa hiyo ili upepo huo ubebe kilo 1,000, tairi litajitandaza mpaka liguse ardhi kwa takriban sentimita za mraba 1,000. Jaza hadi 28, unyayo wake unakuwa nusu, 500 hivi, na kila sentimita inabebeshwa kilo mbili. Hesabu hii si kamili kwa sababu ubavu wa tairi nao una ugumu wake unaosaidia kubeba, ila mwelekeo ni huo. Upepo ulioko ndani ya tairi ndio kwa makadirio mkandamizo unaoupa udongo wako.

Akasoma, akakunja boksi, akaondoka nalo.

22 Novemba

Mvua imenyesha vya kutosha. Leo tumepima shambani, kwenye ardhi ya luseni, yaani kichanga, juu ya bonde, kabla hatujashuka mbugani kwenye udongo mweusi.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji chombo maalumu. Weka alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma. Inua diski, tembea mpaka gurudumu lizunguke mara kumi, pima umbali kwa hatua au kamba. Zamisha diski, rudia umbali uleule, hesabu mizunguko. Zaidi ya kumi ni kuteleza.

Umbali ulikuwa mita 46. Kwa upepo wa juu kama ule wa zamani, diski ikiwa chini, gurudumu lilizunguka mara kumi na mbili na nusu. Maana yake katika kila mizunguko mitano, mmoja mzima ulikuwa wa bure: asilimia 20 ya dizeli inayozungusha tairi, ya meno, na ya siku ya dereva. Tukashusha hadi 14 palepale. Kumi na moja na nusu. Asilimia 13. Kwa trekta linalovuta kwa magurudumu mawili, kati ya 10 na 15 ndipo mahali pazuri. Ukiteleza chini ya hapo huenda umebeba uzito kupita haja, ukizidi unachimba.

Dereva mwenyewe alisema kabla sijamaliza kuhesabu: "Limeshika." Amelisikia kwenye kiti.

Dereva wetu analipwa kwa ekari. Asilimia 7 hiyo ni yake pia, na hicho ndicho kilichomgeuza kuliko maneno yangu yote.

24 Novemba

Mzee mmoja wa Mwime ananipinga, na anayo hoja. "Mwangaluka." "Mwangaluka, bhabha." Baada ya salamu hizo akaingia moja kwa moja: wao wamelima kwa maksai tangu ujana wake, ng'ombe kwato yake ndogo na mwili mkubwa, mbona pamba ilikua?

Ni kweli kwato inakandamiza. Ng'ombe wa kilo 400 aliyesimama anaweza kuupa udongo mkandamizo sawa na wa tairi lililojaa, au zaidi. Lakini uzito wake wote ni mdogo, kwa hiyo mkandamizo unaishia juu, kina cha vidole, na jembe la msimu ujao linaufumua. Trekta la tani mbili na nusu hadi tatu linapeleka uzito chini zaidi. Upepo wa tairi unaamua hali ya udongo wa juu. Kule chini, sentimita 30 na kuendelea, kinachoamua zaidi ni uzito wa ekseli. Kupunguza upepo hakukuokoi na kila kitu. Ukiingia mbugani udongo mweusi ukiwa umelowa, hata 12 haitakusaidia. Subiri siku mbili.

Mzee alikubali hilo la kusubiri. La upepo alisema atalitazama. Ndivyo inavyofaa.

5 Desemba

Hatari ya upande wa pili, niiandike kabla watu hawajachukulia kwamba kupungua ndio uzuri wenyewe.

Leo limeletwa trekta la kijiji cha jirani, tyubu imechanika pale kwenye shina la valvu. Mwenye trekta alisikia habari za kupunguza, akapunguza kwa macho, mpaka tairi likaonekana limelala kidogo. Pengine lilikuwa 7 au 8. Linapovuta diski, rimu inazunguka ndani ya tairi. Tairi linabaki nyuma kidogo kila mzunguko, na tyubu inavutwa nalo. Valvu imeshikwa na tundu la rimu. Kitakachokatika ni shina.

Dawa: piga mstari mmoja wa chokaa au rangi unaopita kwenye rimu na kuendelea kwenye tairi. Jioni utazame. Mstari ukiwa umekatika, nusu hapa nusu kule, tairi linahama. Ongeza psi mbili, upime tena kesho. Mstari huo ni mwalimu bora kuliko mimi.

Jambo jingine la diski: magurudumu ya kulia yanatembea ndani ya mfereji, trekta linalala upande huo, na la nyuma la kulia linabeba zaidi. Naliongezea kidogo. Ila liwe kwa makusudi na kwa geji, siyo ile 34 na 27 ya Oktoba.

12 Desemba

Maji ndani ya matairi. Wengi wamejaza maji kuongeza uzito, na hapa hatuna baridi ya kuyagandisha. Tairi la 18.4-30 likijazwa robo tatu linachukua karibu lita 300, yaani kilo 300 kila upande. Kwa kuvuta kwenye ardhi kavu yanasaidia. Lakini robo tatu ni maji yasiyobonyea, kilichobaki kuwa laini ni robo tu ya upepo, na uzito wa ziada unaupeleka mbugani. Kipimo nacho kinakuwa kigumu: lazima valvu iwe juu kabisa, vinginevyo unapima maji na kuijaza geji kutu. Ushauri wangu kwa mwenye kulima mbuga: toa maji, tumia vyuma vya kufunga kwenye gurudumu, ambavyo vinafunguliwa kwa spana siku hiyohiyo ukishuka bondeni.

19 Januari 2025

Kagongwa, kwenye majaruba. Huku nimekuta kinyume cha yote ninayohubiri, na ni sahihi.

Mpunga unataka maji yakae. Tabaka gumu chini ya tope ndilo linalozuia maji kuzama. Wakulima wanavuruga udongo ukiwa umelowa makusudi ili tabaka hilo lijengeke. Trekta linalokandamiza chini ya jaruba linafanya kazi ambayo mwenye jaruba anaitaka. Tatizo lao ni jingine, kuzama na kukwama, na hapo upepo wa chini husaidia mpaka kiwango fulani, kisha unahitaji magurudumu ya vyuma.

Kwa hiyo namba moja ya kuandika ukutani kwa mkoa mzima haipo. Mtu mwenye jaruba Kagongwa na shamba la pamba Mwendakulima ana mashamba mawili yanayotaka mambo mawili. Wasukuma waliipa kila ardhi jina lake zamani, luseni, itogolo, ibushi, mbuga, na kila jina lilibeba maelekezo ya nini kipandwe. Fundi wa upepo naye anatakiwa aulize jina la ardhi kabla ya kushika bomba.

16 Februari

Nimetembea kwenye pamba na nondo ya milimita 8 iliyonolewa ncha. Unaisukuma ardhini kwa mikono siku mbili tatu baada ya mvua. Katikati ya eneo inazama bila kupinga. Kwenye njia ambako trekta liligeukia lilipokuwa linavuta tela la mbegu na mbolea, inazama kina cha kiganja na kusimama. Nimeng'oa mche kila upande. Wa katikati una mzizi mkuu ulionyooka kwenda chini. Wa kwenye njia mzizi wake umefika kwenye tabaka gumu, umepinda, umeenda pembeni.

Mwezi huu mvua huwa inakatika kwa muda. Mche wenye mzizi wa pembeni ndio utakaonyauka kwanza, na mkulima atasema jua ni kali mwaka huu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, basi niiandike. Mkulima huyu hana trekta. Alikodi. Mwenye trekta alilipwa, dereva alilipwa, wakaondoka. Dizeli iliyopotea kwa kuteleza ni ya mwenye trekta, na msimu ukiisha imeisha. Udongo uliokandamizwa ni wa mkulima, na utakuwa wake msimu ujao na ujao. Anayeumia zaidi na upepo ndiye asiyeulizwa kabisa kuhusu upepo. Anapatana bei ya ekari, anapatana siku, anapika chakula cha dereva, lakini hajui kwamba ana haki ya kusema: kabla hujaingia, tupime.

Mkoa huu wa Shinyanga uliwahi kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianza 1986, na watu wakarudisha ngitili, kaya kwa kaya, kwa kuamua tu kwamba eneo fulani halichungwi mpaka lipone. Hawakusubiri mashine. Watu walioweza hilo wanaweza kusimama kwenye kona ya shamba na geji mkononi.

2 Machi

Kikundi cha akina mama wa pamba wameomba niwafundishe kupima. Tumekutana chini ya mwembe karibu na barabara ya Isaka. Somo lilikuwa fupi: kofia ya valvu, geji, namba, chaki, mstari wa rangi. Wameuliza zaidi kuliko nilivyotarajia, hasa kuhusu tela. Mmoja aliniuliza mbona tela linaacha njia ndefu na ya kina kuliko trekta lenyewe. Ameona sawasawa. Tela nyingi zimefungwa matairi chakavu ya lori, membamba, yanayotaka 80 na zaidi ili yabebe mzigo wake. Hayo hayawezi kulegezwa kuwa ya shamba. Jibu ni tela libaki barabarani, mbegu na magunia yaingie na mkokoteni wa ng'ombe. Walicheka, kwa sababu waume zao wameuza maksai wakisema trekta limefika.

Wamechanga kununua geji ya kikundi. Itakaa kwa mweka hazina.

28 Mei

Pamba imeanza kununuliwa, na matrekta yanarudi barabarani. Sasa kazi ni ya kuongeza.

Ya shamba, 14, haifai kwa tela lenye tani kadhaa kwenye lami. Ubavu wa tairi unakunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, unachemka, nyuzi zinaachana ndani kabla hujaona kitu nje. Na meno yanasagika haraka. Naweka 20 kwa matairi yanayoruhusu hivyo. Kikomo cha kila tairi hutegemea idadi ya nyuzi zake, ambayo imeandikwa ubavuni, mbali na lile onyo la 35. Mwendo pia: mzigo uleule kwa kasi ndogo unaruhusu upepo mdogo zaidi. Dereva anayetaka kukimbiza trekta lenye tela kama basi la Mwanza, mimi simwekei namba yoyote, namwambia apunguze mwendo kwanza.

Wanaofanya yote mawili siku moja, asubuhi diski na jioni mzigo, wanauliza wafanyeje. Kushusha ni bure, dakika chache na ufunguo wa sindano ya valvu. Kupandisha kunataka kompresa. Asiye na kompresa aweke ya kazi nzito zaidi atakayoifanya siku hiyo na akubali hasara shambani. Lakini wengi hawachanganyi hivyo. Kazi zao zimegawanyika kwa misimu, Novemba na Mei, kwa hiyo ni kupima upya mara mbili kwa mwaka na kukagua kila wiki katikati.

11 Juni

Yule mama wa karatasi la boksi ameandika kwenye madigadi ya trekta lake kwa rangi nyeupe: SHAMBA 14, BARABARA 20. Mwenye trekta jingine ameiga, lakini lake ni kubwa zaidi na matairi yake ni ya nyuzi nyingi, kwa hiyo nimemfuatilia mpaka kwake tukapima na kufuta. Kila trekta na namba zake.

Nimegundua pia kwamba msimu wote nimeshughulika na ya nyuma. Ya mbele, 7.50-16, yana ugonjwa wa upande mwingine: yote niliyopima wiki hii yako chini ya 20, wakati yanahitaji 28 na zaidi, kwa sababu ni membamba na yanabeba injini nzima, hasa trekta likipiga breki na tela nyuma. Dereva hayagongi spana kwa kuwa ni madogo. Kesho naanza na yale yanayopeleka pamba ginari, kabla hayajapakiwa.